Folda Mbili za Samweli

Miezi mitano baada ya Samweli kufa, watu walikuwa bado wanaingia dukani wanauliza, "Samweli yuko?" Halafu wanajishika mdomo. Mughwai alikuwa hawajibu. Alikuwa anageuka tu kukitazama kile kiti cha plastiki nyuma ya meza, kama vile na yeye hana uhakika.

Duka lilikuwa hapo Ilongero, jirani na kijiwe cha bodaboda. Fotokopi, kuchapa barua, kurusha nyimbo kwenye flash, kutengeneza kompyuta. Samweli ndiye aliyelianzisha, na Samweli ndiye aliyemwokota Mughwai. Kijana alikuwa ameacha shule kidato cha pili, katikati ya kipindi cha jiografia, katoka kama anaenda chooni na hakurudi. Akachunga ng'ombe wa watu, akabeba magunia ya alizeti, akaendesha bodaboda ya tajiri mmoja mpaka akanyang'anywa ufunguo kwa sababu ya mdomo wake. Samweli akamwambia, "Mikono yako inatangulia kichwa. Njoo nikufundishe kompyuta, huenda vikafika pamoja." Akamfundisha miaka miwili. Halafu Februari, siku ya mvua, akapanda pikipiki kwenda Singida mjini kufuata wino wa printa. Kwenye mteremko wa korongo pikipiki haikusimama. Akaingia chini ya lori la mawe.

Sasa ilikuwa Julai na upepo wa Singida ulikuwa umeanza ule ujinga wake wa kila mwaka. Ulipita chini ya mlango, ukasukuma vumbi, ukasukuma na kiti. Kiti kikalia, krii, kama mtu anajiweka sawa aanze kazi. Mughwai akiwa anachapa barua ya mteja aliisikia hiyo krii, vidole vikasimama, akasubiri sauti ifuate. Sauti haikufuata. Haikuwahi kufuata. Lakini kila siku alisubiri, na kusubiri huko ndiko kulikomkondesha.

Kwenye rafu ya juu kulikuwa na laptop ya marehemu, nene, nyeusi, imefunikwa khanga. Toka msiba hakuna aliyeigusa. Wateja walidhani ni heshima.

"Fundi!" Hosea wa bodaboda alichungulia dirishani, kofia ngumu mkononi. "Leo mko wangapi humo ndani?"

"Niko na akili zako. Juzi ulizisahau hapa."

"Mimi nakwambia ukweli. Ile laptop itoe humo. Unaishi na maiti kwenye rafu halafu unashangaa hulali."

"Nani kakwambia silali?"

"Macho yako, mwanangu. Yamekuwa kama ya mbuzi wa Krismasi."

Hosea akacheka mwenyewe, akaondoka na abiria. Dakika chache baadaye Klara, mke wa Samweli, akaingia. Bado alikuwa na kitambaa cheusi kichwani.

"Shem, habari za toka juzi."

"Salama, shemeji. Mama Rebeka anaendeleaje?"

"Ndiye aliyenituma." Klara akaketi kwenye benchi la wateja. "Jumamosi tunamaliza msiba. Ukoo ulisema tusubiri mavuno ili chakula kiwepo, sasa uwele uko ghalani. Ila Mama Rebeka amegoma. Anasema hamalizi msiba wa mtu ambaye hajamsikia akiaga. Unajua macho yake yamekwisha kabisa, Mughwai. Nilimpelekea picha ya harusi akaipapasa, akaniuliza, hii ni karatasi au ni mwanangu? Picha anazo, macho hana. Anataka sauti."

Mughwai akawa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Na sauti zipo," Klara akasema, akanyoosha kidole juu. "Zimo kwenye laptop yake. Wewe si unajua alivyokuwa anarekodi wazee?"

Alijua sana. Ilikuwa ndiyo namna ya Samweli ya kufanya kazi, na hakuna stesheneri nyingine iliyofanya hivyo. Wazee walikuja kutoka vijijini na kesi zao za mashamba, wanataka barua ya kupeleka baraza la ardhi. Wakianza kueleza mpaka ulipopita, Kiswahili kinawaishia, wanarudi kwenye Kinyaturu, wanaanzia kwa babu aliyepanda minyaa ya mpaka. Samweli hakumkatisha mtu. Alifungua kinasa sauti cha kwenye laptop, akasogeza maiki, akasema, "Sema baba, mashine inasikia." Mzee anamwaga yote. Jioni Samweli anasikiliza upya, anageuza kuwa Kiswahili cha barua, anachapa. Zile rekodi alizitunza kwenye folda aliyoiita Sauti, na katika kila moja alikuwemo yeye, anauliza, anacheka, anamwambia mzee anywe maji kwanza.

Kitu kimoja tu: mara nyingi alikuwa anasahau kukizima hicho kinasa.

Siku ile ya Februari alikisahau. Mzee wa kesi alimaliza maelezo yake akaaga, kinasa kikaendelea. Kikanasa Samweli akimwambia Mughwai aende mjini kufuata wino, shule ina mitihani ya kuchapa. Kikanasa Mughwai akikataa, kisa mvua na kisa mpira wa saa kumi. Kikanasa Samweli akiuliza habari za pikipiki na Mughwai akimjibu uongo. Maana asubuhi ile Mughwai alikuwa ameiendesha, akakanyaga breki ya nyuma ikazama mpaka chini bila kushika kitu. Nati ilikuwa imedondokea njiani. Angesema, angepigwa somo zima la kutunza vitu vya watu. Akanyamaza, akajiambia ataitafuta kesho.

Jioni, baada ya simu ya msiba, alirudi dukani kufunga mlango aliouacha wazi. Taa ya laptop ilikuwa inawaka. Kwenye skrini kinasa kilikuwa bado kinahesabu, saa saba na dakika kumi na mbili, na ule mstari wa sauti umelala. Mughwai akakohoa. Mstari ukaruka. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga rafu, na mstari ukaruka tena kwa kile kishindo. Mchana kutwa ile mashine ilikuwa inamsikiliza. Akakizima, akasikiliza mwanzo, akajisikia mwenyewe. Halafu mikono ikatangulia kichwa kama kawaida: badala ya kufuta faili moja, akakamata folda nzima ya Sauti akaifuta isiende hata kwenye kapu la taka. Miaka minne ya sauti ya mtu.

Na makaburini, alipoitwa aseme walivyoachana, alisimama mbele ya ukoo akasema, "Nilimwambia niende mimi. Alikataa."

"Shem," Klara akaita. "Ishushe basi tuone."

Akaishusha. Khanga ilikuwa na vumbi la mwezi wa tatu. Betri ya laptop ilikuwa imekufa zamani, akaichomeka ukutani, na feni ya ndani ikaanza na ule mkwaruzo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea. Klara akafumba macho. Na yeye aliujua.

Mughwai akafungua mahali pa folda. Palikuwa peupe.

"Mbona tupu?"

"Labda virusi."

"Virusi vimekula wazee wote?"

"Virusi havichagui, shemeji."

Klara akamtazama kwa muda. Hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alikuwa amekaa na fundi miaka sita. "Samweli alikuwa anarudisha vitu vilivyofutwa. Alirudisha picha za ubarikio za Mwalimu Agnes, mimi nikiwa nimekaa hapa hapa. Na wewe ulikuwepo. Si flash yake ile, umeivaa shingoni?"

Mkono wa Mughwai ukaenda shingoni wenyewe. Ilikuwepo, kwenye kamba ya kiatu, ndani ya shati. Hakuweza kusema haipo.

Akaichomeka. Ndani yake kulikuwa na programu za Samweli, zile ambazo hazisimikwi kwenye mashine. Unachomeka, unazifungulia humo humo kwenye flash, zinafanya kazi, unachomoa. Samweli aliziita wageni wa mlangoni: wanasalimia, wanafanya kilichowaleta, hawaingii kulala. Na kila programu ilikuwemo mara mbili, kwenye folda mbili. Moja imeandikwa 32, nyingine imeandikwa 64.

Siku moja Mughwai alitaka kuifuta folda ya 32 apate nafasi ya kuweka filamu. Samweli akampiga kofi mkononi.

"Hiyo ni mizee, bro. Unabebea nini?" Mughwai akalalamika.

"Ya 64 ndiyo mpya, ina nguvu, ila inachagua nyumba. Ikikuta mashine ina window ya 32, ule mfumo unaoiendesha, haiingii hata uibembeleze. Hii ya 32 imezeeka lakini inapita kote, kwa wazee na kwa vijana. Mashine za huku kwetu zimekuja kwa msaada, zimechoka kabla hazijashuka kwenye gari. Ukiwa Dar tembea na mpya. Ukiwa Ilongero beba zote, na ukilazimika kubeba moja, beba ya zamani."

"Kwani si nawapigia tu window mpya ya 64, yanaisha?"

"Ndiyo ugonjwa wenu mafundi. Mtu kaleta mafua, nyie mnapiga window. Sikiliza. Kitu ukikifuta kwenye kompyuta hakijaondoka. Ni kama shamba la uwele ukishavuna. Ukiwa barabarani unaona tupu, ukiingia mabua yapo. Yanakaa mpaka utakapolima. Sasa wewe ukipiga window mpya ndiyo umelima. Hata mimi sitakuta kitu."

Hayo yote Mughwai aliyakumbuka neno kwa neno, na kwa sauti yenyewe, mpaka akageuka kutazama kiti. Laptop ile ilikuwa na window ya 32, Samweli aliiweka mwenyewe. Diski yake ilikuwa ya zile za zamani zenye pini pana, huwezi kuichomoa ukaichomeka kwenye mashine nyingine, hakuna waya wake hata Singida mjini. Na toka siku ile hakuna aliyeiwasha. Mabua yote yalikuwa yamesimama. Ya 32 ingeingia, ingefanya kazi mlangoni, na ingewaleta wote: wazee wa mipaka, Samweli anayecheka, na Mughwai wa Februari akiwa na uongo wake mdomoni.

Akafungua folda ya 64. Akabonyeza.

Skrini ikatoa kisanduku cha Kiingereza.

"Inasemaje?" Klara akauliza.

"Inakataa. Inasema hii programu na hii mashine haviendani."

Wala hakudanganya. Hicho ndicho kilichokuwa kimeandikwa.

"Sasa?"

"Mpaka niipigie window mpya. Ikishakuwa mpya, programu itaingia, ndiyo tuanze kutafuta."

Klara akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama watu wanavyomwitikia daktari. "Kama ndivyo mnavyofanya. Umekula wewe?"

"Bado."

"Toka asubuhi? Ngoja nifike nyumbani, nakuja."

Alipotoka, Mughwai akachukua flash nyingine, ile ya kupigia window, akaizima laptop, akaiwasha kwa mlango wa pili, kupitia hiyo flash. Mambo yakaenda haraka. Lugha, endelea, kubali, endelea. Mashine yenyewe ilikuwa na uwezo wa kubeba ya 64, haikuleta ubishi. Ikafika kwenye ukurasa ule wenye mstari mmoja ambao ndio diski nzima, na chini yake neno la kufomati, yaani kufuta yote. Mshale ukasimama juu ya hilo neno.

Hosea alikuwa amerudi dirishani, anakula mua. "Umeishusha kweli! Sasa?"

"Napiga window."

"Safi. Piga. Mafundi wote wanapiga window. Mashetani yenyewe hayajui kuhama, ukibadilisha nyumba yanapotea."

"Nenda kaendeshe."

"Lakini mbona hubonyezi?"

"Nimesema nenda, Hosea!"

Hosea akautoa mua mdomoni, akamtazama, akaondoka bila utani.

Na hapo ndipo feni ilipoanza vituko. Ilikuwa inakwaruza kama kawaida, halafu ikakatika, kimya kabisa, halafu ikakwaruza mara mbili fupi. Samweli alikuwa na hiyo tabia, kusafisha koo mara mbili akiwa na neno la kukwambia na anatafuta pa kuanzia. Mughwai alijua ni vumbi. Fundi anajua vumbi likiingia kwenye feni linafanyaje. Alijua, na nywele za mikono zikasimama hivyo hivyo. Upepo ukapita chini ya mlango. Kiti kikasema krii. Akasubiri. Safari hii hakutaka hata kugeuka, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba akigeuka hatakuta kiti kitupu, atakuta mtu amelowa mvua, matope ya korongo mpaka magotini, anayatazama yale maneno kwenye skrini pamoja naye. Wala hajakasirika. Anasubiri tu aone mwanafunzi wake atabonyeza wapi.

Mlango ukasukumwa. Mughwai akaruka.

"Mimi bwana," Klara akasema. Alikuwa na hotipoti na chupa ya maji. Akafunua mezani: ugali wa uwele, mlenda, na paja la kuku. "Kula kwanza. Mama ndiye aliyesema nikuwekee paja."

"Shemeji, mngekula nyie..."

"Acha hizo. Unajua Mama anavyokutaja? Kila jioni tukisali. Anamaliza kuombea marehemu, anamwombea mtoto, halafu anasema, 'Na yule kijana Mughwai, aliyetaka kufa mahali pa mwanangu, Bwana umpe maisha marefu.' Kila jioni. Mimi nimechoka siku nyingine nasinzia, yeye hakusahau hata siku moja."

Mughwai alikuwa ameshakata tonge. Likakaa mkononi.

Miezi mitano. Kila jioni. Wakati yeye anageuka geuka kitandani akidhani ni Samweli anayemfuata, kumbe kulikuwa na mwanamke kipofu kule juu ya kijiji anamfuata kwa jina mbele ya Mungu, anamshukuru. Tonge likawa kama udongo. Akalirudisha kwenye sahani, akanawa.

"Hushibi upepo," Klara akasema. "Nini?"

Mughwai akageukia skrini. Akausogeza mshale kutoka kwenye lile neno, akaupeleka juu pembeni kwenye alama ya kufunga. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika anataka kuacha. Akakubali. Akachomoa flash ya window akaitupa kwenye droo.

"Mbona umeacha?"

"Nilikudanganya. Window haihitajiki. Ningepiga, ningefuta kila kitu."

"Sasa ulitaka kupiga ya nini?"

"Ngoja kwanza zitoke, shemeji. Utaelewa. Kaa hapo."

Laptop ikawaka kwa window yake ya zamani. Akafungua folda ya 32. Akabonyeza, na ile programu ya kizee ikafunguka bila neno, kijidirisha cha kijivu kisicho na urembo wowote. Akaionyesha diski. Ikaanza kupita, mstari wa kijani unatambaa. Faili zikaanza kutokea moja moja, ila zikiwa zimepoteza majina. Namba tupu. Ya kwanza, ya pili, ya tisa, ya arobaini. Alizihifadhi kwenye flash, siyo kwenye laptop, asije akalima kwa bahati mbaya. Halafu akafungua moja katikati, yoyote.

"Sema baba," Samweli akasema ndani ya duka lake, "mashine inasikia."

Klara hakulia kama Mughwai alivyotegemea. Alisogea tu mbele mpaka paji la uso likakaribia kugusa skrini, akakaa hivyo. Mzee fulani akaeleza habari za mbuyu uliokatwa. Samweli akacheka mahali. Klara akatikisa kichwa, akasema kwa Kinyaturu kitu ambacho mke anamwambia mumewe, siyo cha kuandikwa hapa.

Zilipofika mwisho zilikuwa mia na kumi na saba. Moja ilikuwa kubwa kuliko zote. Hata asiyejua kompyuta angeiona.

"Hii ndefu ni nini?" Klara akauliza.

Huo ndio ulikuwa mlango wa mwisho. Faili zikirudishwa mara nyingi zinakuwa zimeoza katikati, mtu unasema imeharibika, unaifuta, nani atabisha? Ulimi wa Mughwai ulikuwa tayari. Akautazama ule urefu wa saa saba.

"Ni ya siku aliyoenda mjini. Alisahau kuzima."

Klara akapitisha kidole juu ya ile namba. Kisha akafunika hotipoti yake. "Mama anataka ya kuaga. Beba mashine twende."

Walipanda kwa miguu, laptop kwenye khanga, upepo unawasukuma kwa nyuma. Mama Rebeka alikuwa ndani, kwenye mkeka, anapepeta uwele kwa mikono tu, macho yameelekea ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mughwai? Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Kula hakusikiki kwenye sauti yako." Akaweka ungo pembeni, akajifuta mikono. "Umeniletea?"

Akaiweka laptop mbele yake juu ya stuli, akaichomeka umeme na ile flash. Mama akaipapasa, akapita vidole kwenye zile herufi zilizofutika, akaacha kiganja pale ambapo joto linatoka. Klara akakaa karibu naye. Mughwai akabonyeza.

Mzee wa Februari akaeleza kesi yake. Samweli akamwuliza mpaka uko wapi. Mama hakusogea. Mzee akaaga, mlango ukafungwa, na nje kwa mbali mvua ikawa inaanza.

"Mughwai, chukua pikipiki ukafuate wino."

"Mvua hiyo, bro. Mimi siendi."

"Shule inasubiri."

"Kama wana haraka waje na kalamu."

Samweli akacheka. Kile kicheko chake cha kukasirika, kinachotokea puani.

"Rudisha," Mama akasema.

Mughwai akarudisha. Samweli akacheka tena. Mama akatabasamu gizani kwake. "Alikuwa anacheka hivyo hivyo toka mtoto, ukimnyima kitu. Rudisha." Akarudisha mara ya tatu. Kila mara kilichofuata kilikuwa sekunde chache tu mbele. Mara ya nne mama hakusema rudisha. Ikaendelea.

"Haya, naenda mwenyewe. Pikipiki nzima lakini? Asubuhi si uliichukua wewe?"

"Nzima. Nenda tu."

Hatua. Ufunguo. Mlango.

Klara alikuwa ameinua kichwa. Hakuwa anaitazama laptop tena, alikuwa anamtazama Mughwai. Mama Rebeka alikuwa amekunja shingo kidogo, sikio limeelekea mashine.

"Huyo aliyejibu ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Ulisema ulitaka kwenda."

"Nilikataa kwenda."

"Na pikipiki. Ilikuwa nzima?"

"Haikuwa nzima. Breki ya nyuma ilikuwa imekufa. Nilijua toka asubuhi, nikaogopa kugombezwa. Na hizi sauti hazikuliwa na virusi. Nilizifuta mimi, siku ile ile."

Klara aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akashika mbao mbili za mlango kama anayezuia nyumba isianguke, mgongo wake kwao. Ndani ya laptop pikipiki ikapigwa kiki. Haikuwaka. Ikapigwa tena, ikawaka. Mama alinyoosha mkono mbele, vidole wazi, kama mtu anayetaka kumshika mwingine nguo kabla hajatoka. Mlio ukaenda, ukapungua, ukachanganyika na mvua, ukawa mvua tupu.

Mughwai akanyoosha mkono azime.

"Usiguse," Mama akasema.

"Mama, hakuna kitu tena hapo. Ni mvua tu mpaka jioni."

"Nimesema usiguse."

Akasimama aondoke. Ilikuwa haki yake kuondoka, alishasema kila kitu, hata wao wangeomba atoke. Alifika karibu na Klara, na Klara hakumpisha mlangoni.

"Unaenda wapi?" Mama Rebeka akauliza bila kugeuka, kiganja chake juu ya ile mashine ya moto. "Jina lako nimelitaja miezi mitano. Rudi hapa. Bado haijaisha."

Na kweli ilikuwa bado. Nje jua la Julai lilikuwa kali, vumbi linaruka uwanjani, na ndani ya nyumba mvua ya Februari ikawa inanyesha juu ya bati la duka lisilo na Samweli. Wakakaa watatu wanaisikiliza. Mbele huko, baada ya saa tatu na kitu, simu ya Mughwai ingelia, ile ya msiba.